Saini Hupimika kwa Rula

Hoja iliyochapishwa kwamba saini na kosaini ni uwiano tu, na kwamba kuziita urefu ni kumpotosha mwanafunzi, haina mashiko.

Chora duara lenye kipenyo cha sentimita 10. Kipenyo hicho kiwe upande mrefu wa pembetatu, ncha ya tatu ikae popote kwenye duara: hapo pembe ni digrii 90. Pembe nyingine ikiwa digrii 30, rula itaonyesha pande zilizobaki ni sentimita 5 na takriban 8.66. Kipenyo kikiwa 1, urefu huo ni 0.5 na 0.866: saini na kosaini zenyewe.

Hata mwanahisabati Ptolemy wa Alexandria, karne ya 2, alijaza jedwali lake la trigonometria kwa urefu wa mistari ndani ya duara.

Mtoa hoja achukue bikari kwanza, ndipo awakosoe walimu.