NANI AKAAYE NA WATOTO WA WAZO?

Twataka wiki hii kusema neno juu ya kazi moja ambayo hata sisi wenyewe, tunaojiita watetezi wa makabwela, tumeisahau muda mrefu. Kila siku ya Mungu, kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, akina mama hutoka Wazo, Madale, Mivumoni, Boko na Bunju kwenda kutafuta riziki. Wengine huteremka Tegeta sokoni. Wengine hupanda daladala kwenda Mwenge na Kariakoo. Wengine huenda kufua na kupika katika nyumba za wenye nazo kule Mbezi Beach. Wengi wao wana watoto wadogo ambao hawajafika umri wa shule. Basi twauliza, na msomaji naye ajiulize: watoto hawa wanabaki na nani?

Wanabaki na mama wa jirani. Hana bango mlangoni wala hana cheti ukutani. Ana vyumba viwili vya kupanga, mkeka, sufuria ya uji, ndoo ya maji, na watoto kumi au kumi na watano ambao si wake. Hulipwa kwa siku, na siku nyingine halipwi kabisa. Mtaani kila mtu anamjua kwa jina la mwanawe wa kwanza. Katika madaftari ya serikali hayumo, na mkopo ukigawiwa hayumo vilevile.

Kuna mabwana ambao wakisikia habari hii husema ati kosa ni la akina mama wa siku hizi, wanaotupa watoto wakakimbilia biashara. Tumeyasikia maneno hayo barazani, na tumemsikia hata mwanachama mmoja akiyasema huku chai anayokunywa imechemshwa na mama lishe. Twamwuliza bwana huyo: kama huyu mama angebaki nyumbani kama unavyotaka, wewe ungekunywa chai ya nani? Zamani bibi alikuwa nyumba ya pili, shangazi nyumba ya tatu, na mtoto alilelewa na ukoo mzima. Lakini Wazo si kijiji cha ukoo mmoja. Tangu kiwanda cha saruji kilipoanza kazi kilimani mwaka 1966, na zaidi sana mji ulipozidi kupanuka kuelekea Bagamoyo, watu wamekuja hapa kutoka kila pembe ya nchi. Bibi yuko Lindi, shangazi yuko Singida, na nauli ya kuwaleta haipo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Mji wa namna hii hauwezi kulea watoto kwa kutegemea mabibi walioko mbali.

Kwa hiyo huyu mama wa jirani ndiye aliyechukua nafasi ya bibi. Bila yeye soko la Tegeta lisingefunguka asubuhi. Walio wazee watakumbuka ya kuwa kwa miaka mingi akina mama walionekana wakiponda kokoto kule Kunduchi Mtongani, jua la utosi, na watoto wao wamelala kivulini kando ya machimbo au wakicheza na mawe yale yale. Yule mtoto aliwekwa pale kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kumweka, wala si kwa sababu mama yake hakumpenda.

Jambo hili si geni kwa taifa hili. Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulipoundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mbele, shughuli moja ya umoja ule ilikuwa vituo vya kulelea watoto mchana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vya ujamaa navyo vilifungua vituo vyao, mama wa zamu akibaki na watoto wakati wenzake wako shambani. Mwaka 1981 Bunge likatunga sheria mahsusi ya vituo hivyo. Twasema haya si kwa kujisifu. Vituo vingi vilikuwa na upungufu wa kila namna, walezi wakilipwa kidogo au wasilipwe, na miaka ya shida ya uchumi ilipokuja vingi vilidhoofika. Walakini fikira yenyewe ilikuwa sahihi, ya kuwa mwanamke akiitwa kujenga nchi, nchi nayo inaitwa kumsaidia kulea.

Leo mambo yako namna gani? Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa pia saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ni jambo jema. Lakini mtoto akiwa Madale na mama akiwa dukani Kariakoo, saa mbili hizo atazitumia wapi, ndani ya daladala? Na yule anayeuza maandazi au samaki hana mwajiri, basi hata siku hizo 84 hana. Upande wa pili, serikali humpokea mtoto katika darasa la awali la shule ya msingi akiwa na umri wa miaka mitano hivi, na hapo ada imeondolewa tangu mwaka 2016. Kati ya likizo ya uzazi na darasa la awali kuna pengo la zaidi ya miaka minne. Wataalamu wote wanasema ndiyo miaka ambayo ubongo wa mtoto hukua upesi kupita wakati wowote mwingine wa maisha yake, na ndiyo miaka tuliyomwachia mama wa mkeka na sufuria, bila kumpa hata kiti.

Ni kweli Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa vituo vya kulelea watoto mchana. Lazima kituo kiandikishwe, na kukiendesha bila kukiandikisha ni kosa. Sisi hatupingi sheria hiyo. Mtoto si gunia la mkaa, huwezi kumweka popote. Twataka choo safi, maji, nafasi ya kucheza, mlango unaofungika, na mtu mwenye akili timamu na mikono safi. Tunachosema ni kwamba masharti yaliyotungwa kwa ajili ya jengo lenye ua na madarasa yanamwona mama wa vyumba viwili kama mhalifu tu. Akiogopa kufungiwa, atajificha. Akijificha, Afisa Ustawi wa Jamii hatamwona, mganga wa chanjo hatamwona, na siku mtoto atakapoungua kwa maji ya moto hakuna atakayejua mpaka yawe makubwa. Tunafikiri yafaa pawe na daraja la kwanza la uandikishaji, jepesi, la walezi wa nyumbani wenye watoto wachache. Aandikwe kwanza, afundishwe, asaidiwe, apewe muda wa kutengeneza choo na uzio, ndipo adaiwe masharti makubwa kidogo kidogo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo penye kidonda. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mlezi ana watoto kumi na wawili na kila mmoja hutozwa shilingi 1,500 kwa siku. Kwa maneno hiyo ni shilingi 18,000, na mtu asiyejua atasema mama huyu ametajirika. Lakini tuseme leo wanne hawakulipa, kwa kuwa mama zao hawakuuza kitu. Imebaki 12,000. Uji, na sukari yake, 2,000. Chakula cha mchana, 4,000. Mkaa, 1,500. Maji na sabuni, 1,000. Binti anayemsaidia, 2,000. Jumla 10,500. Amebakiwa na shilingi 1,500, na humo mna kodi ya nyumba, dawa, na chakula cha wanawe mwenyewe. Akipandisha bei, mama lishe hatamudu, atamfungia mtoto ndani au atamwachia dada yake wa miaka tisa ambaye angekuwa shuleni. Asipopandisha, atapunguza maziwa, au ataongeza watoto mpaka wakose pa kulala. Mlezi huyu si mbaya, ila hesabu yenyewe haikubali. Umaskini wa mama mmoja umebebeshwa umaskini wa mama mwingine.

Ndipo tunapouliza juu ya ile asilimia 10. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tumeona wanawake wakikopa kwa ajili ya kuku, batiki, sabuni, vyerehani na bodaboda. Walezi wa watoto tumewaona wachache mno. Mlezi mmoja alitwambia ya kuwa alipokwenda kuuliza, ofisa aliyemkuta mezani alicheka, akamwambia alete mradi wa maana. Hatulitaji jina lake wala ofisi yake, lakini twamwuliza: kufuga kuku ni mradi, na kulea watu je?

Tatizo si kicheko peke yake. Mkopo ule ni wa kikundi, na mlezi hufanya kazi peke yake nyumbani kwake, hawezi hata kutoka kwenda kikaoni kwa sababu atawaachia nani watoto. Tena marejesho yametungwa kwa biashara ya kununua na kuuza. Magodoro, matangi ya maji na uzio havileti faida ya wiki. Kwa hiyo twapendekeza walezi wa mtaa mmoja waungane wakiwa kikundi, kila mmoja akibaki na kituo chake, wanunue unga na mkaa kwa jumla na kubadilishana zamu mmoja akiugua. Halmashauri nayo iwape muda mrefu wa kurudisha. Na kwa mwaka wa kwanza, sehemu ya vifaa itolewe kama ruzuku, si deni. Mtu asiyepata faida ya kutosha kula hawezi kukopeshwa akapona. Tumeona wengi wakilipa mkopo wa halmashauri kwa mkopo wa mitaani, ule wa riba ya kukaba koo.

Jambo la mafunzo nalo linahitaji akili kidogo. Vyuo tunavyo. Kiko Chuo cha Kisangara kule Mwanga, Kilimanjaro, na hapa mjini iko Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Vizuri sana, lakini mlezi wa Wazo hawezi kufunga nyumba akaenda Mwanga. Mafunzo yamfuate: Jumamosi mchana katika darasa tupu la shule ya msingi, kwa Kiswahili cha mtaani. Afundishwe namna ya kumwokoa mtoto aliyepaliwa, dalili za homa ya hatari, uji wenye lishe kwa bei ndogo, namna ya kuongea na mtoto na kumchezesha badala ya kumnyamazisha kwa fimbo au kwa televisheni. Na afundishwe kuandika daftari la mapato na matumizi. Tunalitia mkazo daftari hili, maana mlezi wengi hajui kwamba anapata hasara mpaka mwenye nyumba anapobisha hodi.

Je, hayo yanawezekana, au ni ndoto za gazeti? Jirani zetu wa Nairobi wana shirika liitwalo Kidogo, ambalo katika mitaa ya wanyonge huwachukua wanawake hawa hawa, wenye vyumba vidogo kama vya kwetu, likawapa mafunzo, likawaonyesha namna ya kupanga chumba na kuendesha hesabu, na kuwatembelea mara kwa mara. Halikuwafukuza ili lijenge jengo la fahari mahali pao. Kaunti ya Nairobi nayo ilitunga sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Hatusemi Nairobi ni peponi. Twasema tu, wamekwisha kuanza.

Na hapa kwetu serikali imekwisha kusema kwa kinywa chake. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, nayo inataja afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama. Maneno mazuri kabisa. Lakini jina refu halipiki uji. Tunachotaka kuona ni fungu lenye namba katika bajeti ya halmashauri, likisema: walezi wa watoto, kata fulani, shilingi kadha.

Wenye viwanda na masoko nao wasijifiche. Soko linalotoza ushuru wa meza kila siku linaweza kutenga chumba kimoja. Kiwanda chenye wafanya kazi wanawake kinaweza kumlipa mlezi wa jirani sehemu ya gharama, kama kinavyolipia mlinzi wa geti.

Wanachama wa Wazo wametuuliza waanzie wapi. Twawajibu: anzeni na kalamu. Mjumbe wa shina na akina mama wawili wapite nyumba hadi nyumba, waandike ni nani anayelea watoto wa watu, wangapi, wa umri gani, kwa bei gani, ana choo au hana. Wasiende kama askari. Waende na unga kilo mbili mkononi. Orodha hiyo isomwe katika mkutano wa mtaa, ipelekwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, nakala kwa diwani, kabla baraza la madiwani halijakaa juu ya bajeti ijayo. Diwani akisema hana habari ya walezi hawa, aonyeshwe nakala yake yenye sahihi ya kupokelewa.