Mgawa karata anapomhurumia mteja

Tuseme kijana wako amepata kazi ya kugawa karata kasino. Mshahara unaingia, nyumbani mnashukuru. Siku moja anakuuliza: "Mama, mteja akiwa analiwa mbele yangu, nimsaidie?" Mzazi, swali hilo lina majibu matatu.

Kwanza, upo msaada unaoruhusiwa. Katika mchezo wa blackjack, mteja hutafuta kukaribia 21 bila kupita. Mgawaji huonyesha karata yake moja na kufunika nyingine. Mwaka 1956 Wamarekani wanne waliotumikia jeshi walichapisha hesabu za lini mchezaji aongeze karata na lini atulie. Leo, kasino nyingi za Las Vegas humruhusu mgawaji kumkumbusha hesabu hizo mteja anayeuliza. Lakini nao una mwiba. Mteja mwenye 16, mbele ya mgawaji anayeonyesha 10, hesabu zinamwambia aongeze. Akiongeza, mara nyingi atapita 21. Hapo lawama ni za aliyemshauri.

Pili, kuna msaada ambao ni wizi: kumchungulisha karata iliyofunikwa, au kumlipa zaidi kwa makusudi. Hata kama mteja anatia huruma, mgawaji anatoa kisicho chake. Jimboni Nevada, wakipanga njama hiyo, wote wawili wana kesi ya jinai. Tena wagawaji wa huko hutegemea sana bakshishi za wateja, kwa hiyo mtu anaweza kudhani ana huruma kumbe anajitafutia.

Tatu ni jambo la afya, na ndilo gumu zaidi. Mteja ametoa hela kwenye simu mara tatu usiku huo, na anasema hii ya mwisho ni ada ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa: mtu hawezi kujizuia, kamari inatangulia mambo mengine, na anaendelea hata inapomuumiza. Huyu ukimfundisha kucheza vizuri, unamkalisha mezani. Hata anayefuata hesabu zote, katika kila shilingi 100,000 anazoweka, kasino hubaki na wastani wa 500 hivi, kutegemea sheria za meza. Usiku ukiwa mrefu, ada inakwisha.

Anachohitaji ni kuinuka. Mgawaji anaweza kusimamisha mchezo kidogo na kumwita msimamizi, amwambie wazi alichokisikia. Katika nchi nyingi upo pia utaratibu wa mteja kuomba mwenyewe azuiwe kuingia kasino.

Mfundishe kijana ajiulize: ninachotoa ni changu? Ningekifanya bosi akiniangalia? Kesho kitamfaa huyu mtu?

Nawe usimuulize tu amelipwa kiasi gani. Kazi ya kutazama watu wakipoteza usiku kucha inachosha moyo. Muulize pia ameona nini, kisha umsikilize.