Daktari wa Simu Naye Ajulikane



Mpagazi wa Kariakoo akiugua, siku yake nzima huishia kwenye foleni ya hospitali, na ujira wa siku hiyo umepotea. Kwake yeye tiba mtandao, yaani daktari kumhudumia mgonjwa aliye mbali kwa njia ya simu, si anasa. Lakini sauti ya simuni haina cheti ukutani. Mgonjwa atajuaje kwamba anayemwandikia dawa ni daktari kweli?

Hapo ndipo unapoanza wajibu wa Serikali. Mwaka 1977 nchi yetu ilipiga marufuku utabibu binafsi wa kujipatia faida. Mwaka 1991 ikauruhusu tena. Kufunga mlango si kusimamia, wala kuuacha wazi bila mlinzi si uhuru.

Sheria zipo. Ile ya mwaka 2017 inamtaka daktari asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ile ya mwaka 2022 inalinda taarifa binafsi, zikiwemo za afya. Hata hivyo, sheria asiyoijua mnyonge ni taa iliyofunikwa kwa pishi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu: daktari ataje jina na namba yake ya usajili kabla ya kuuliza maradhi, siri ya mgonjwa isiuzwe, na malalamiko yapokelewe kwa Kiswahili, bila malipo.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, yafundisheni haya. Mgonjwa ni mtu kwanza, ndipo awe mteja.