Tusimwache Mgonjwa Njiani



Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora na kuishia Ujiji, ilitegemea mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze mwaka 1857, aliandika habari za pombe na bangi katika nchi hii. Lakini njia ile ina kumbukumbu iliyo chungu zaidi. Mara nyingi mpagazi aliyeugua na kushindwa kutembea aliachwa porini. Mzigo wake ulipewa mwingine, na msafara ukaendelea.

Misafara imekwisha, ila desturi ya kumwacha mgonjwa ingalipo. Mitaani Tabora, na katika vijiji vya tumbaku vya Urambo, Kaliua na Sikonge, tunawafahamu ndugu waliotawaliwa na gongo. Tunawacheka, kisha tunawasahau. Sheria ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza pombe hiyo bila leseni, na sababu yake ni njema, kwa maana gongo yaweza kuwa na sumu iletayo upofu na mauti. Lakini anapokamatwa mama aliyeipika, ambaye pengine ni mjane asiye na njia nyingine ya kulisha watoto, mnywaji huhamia nyumba ya pili. Pingu hazimponyi mtu ulevi.

Je, watafiti wa afya wametufundisha nini? Mjini Dar es Salaam waliwaendea watumiaji wa heroini vijiweni, wakawasikiliza na kuwapima. Wakaona kwamba virusi vya UKIMWI vimewaenea kuliko wananchi wengine, na wanawake miongoni mwao kuliko wanaume. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Mbeya, Mwanza na Dodoma. Watu waliohesabiwa kuwa wamekufa wakarudi kazini na nyumbani.

Methadoni, hata hivyo, haitibu ulevi wa gongo. Ndugu zetu wa bara wanahitaji msaada wa namna nyingine, nao unajulikana. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wauguzi walifundishwa mazungumzo mafupi yaitwayo «Punguza Pombe Kwa Afya Yako», ya kuzungumza na majeruhi wanaokunywa kupita kiasi. Hayahitaji mashine wala fedha nyingi. Yahitaji muuguzi aliyefunzwa na asiyedharau.

Wapo wasemao, «Alijitakia mwenyewe.» Sisi mapadre hatukanushi kwamba ulevi ni dhambi. Lakini aliyevunjika mguu kwa kulewa hufungwa banzi kwanza, naye hanyimwi tiba kwa sababu ya kosa lake. Vivyo hivyo utegemezi wa pombe ni ugonjwa, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa. Tena tujihadhari: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatishwa ghafla, aweza kupata degedege hata kufa. Kumfungia ndani ili aombewe, bila daktari kujua, si huruma. Sala na tiba ziende pamoja.

Basi yatupasa kutenda. Jumuiya Ndogo Ndogo ziwatembelee wagonjwa hawa kama ziwatembeleavyo wagonjwa wengine. Viongozi wa walei waulize katika vikao vya kata na wilaya: je, hospitali yetu ina kitanda na mhudumu kwa ajili ya anayetaka kuacha pombe? WAWATA wawasaidie akina mama wapishi wa gongo kupata kipato kingine. Nchi hii ya asali haikosi kazi ya mikono. Nao watafiti tuwakaribishe, lakini kwa masharti ya haki: wasimlazimishe mtu, watunze siri za waliowaeleza maisha yao, na warudi kijijini kusoma matokeo kwa Kiswahili. Mgonjwa aliyetoa habari zake asiwe wa mwisho kujua zilifanya kazi gani.

Wale walioacha pombe tuwape kiti katika vikao hivyo. Wao wanaijua njia ya kurudi kuliko sisi tuliobaki kuwahesabu walioanguka. Msafara wetu hauna haraka kiasi cha kumwacha mtu porini.