Si mimi, ni paka

Wazazi wenzangu, maziwa yamemwagika jikoni na watoto wawili wanatazamana. Mmoja anasema, "Sikumwaga." Mwengine anasema, "Si mimi niliyemwaga, ni paka." Huyu wa pili amekubali kwamba maziwa yamemwagwa. Anachokataa ni kubebeshwa yeye, na mwenye kosa keshamtaja.

Kiingereza nacho kina sentensi hiyo: "It wasn't me who spilled the milk. It was the cat." Mtoto wetu anaijua kazi yake tangu hajaanza skuli, kwa "ni" na "ndiye" za nyumbani. Darasani hukwama kwenye umbo.

Hiyo "it" haisimamii kitu chochote, lakini haiachwi. Mtoto anaandika "Is the cat who spilled the milk" na anakatwa alama. Hapo kuna makosa mawili, na la pili ndilo gumu zaidi. "Ni" yetu haibadiliki: twasema "ni paka aliyemwaga" hata kama ilikuwa juzi, maana wakati uliopita umo ndani ya "aliye". Kwa Kiingereza kwa kawaida unaonekana mara mbili, "was" na "spilled".

Mfano mzuri uko Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba Sayyid Said ndiye aliyeleta mikarafuu Unguja. Wanahistoria wanamtaja Saleh bin Haramil, aliyeipanda Mtoni na Kizimbani kabla Sayyid Said hajayachukua mashamba hayo. Basi mtoto asahihishe: "It wasn't Sayyid Said who first planted cloves here. It was Saleh bin Haramil." Akitaka kukazia mahali, aseme "It was in Kizimbani that we saw the clove trees." Hiyo "in" asiidondoshe, kwetu "-po" ya "tulipoiona" inatosha, kwao haitoshi.

Ila asiipachike kila mstari wa insha. Kama hakuna anayebisha wala anayeuliza nani, "The cat spilled the milk" inatosha, na inasomeka vizuri zaidi.

Leo usiku muulize kwa Kiingereza nani aliyekula andazi la mwisho. Akijibu "It was Baba who ate it," usimkatize kwa ajili ya matamshi. Baba ajitetee, kwa Kiingereza hicho hicho.