Nyoka Mdogo au Mkubwa? Kwanza Hesabu Miaka ya Viza

Najua wengine mkiona kichwa cha habari hapo juu mtasema jamaa baridi ya Buffalo imempanda kichwani. Lakini suala lenyewe lipo. Wapo wenzetu hapa Buffalo, na wengine kule Columbus na Louisville, ambao wameshaanza kufuga nyoka au wako mbioni. Swali lao ni moja: nichukue kitoto nikilee, au nichukue mkubwa?

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Kama wewe ni mwanafunzi wa viza na ni lazima ufuge, chukua mkubwa. Na kama unaoishi nao hawajakubali, usichukue yeyote.

Tuelewane kwanza ni nyoka gani tunaowazungumzia. Miongoni mwa wanaofugwa sana Marekani wapo hawa watatu. Yupo nyoka wa mahindi, ambaye ni mwenyeji wa hukuhuku, hata Kentucky yupo porini. Yupo yule anayeitwa chatu mpira, kwa sababu akiogopa hujiviringa kama mpira. Huyu ni Mwafrika mwenzetu, anapatikana kuanzia Senegal, Ghana, Togo na Benin hadi pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Na yupo boa wa mchangani wa Kenya, mfupi mnene, jike halizidi sana sentimita 90 na dume ni nusu yake. Huyu anaishi pia Somalia, Ethiopia na Tanzania, lakini huku jina la Kenya ndilo limemganda. Wote watatu hawana sumu ya kumdhuru mtu.

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi yetu wahandisi. Nyoka wa mahindi akitunzwa huishi miaka 15 hadi 20. Chatu mpira na boa wa mchangani hufika 20, na baadhi ya chatu mpira huvuka 30. Bustani ya wanyama ya St. Louis ilikabidhiwa jike la chatu mpira mwaka 1961 na mtu binafsi. Mwaka 2020 lilitaga mayai saba, likikadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 60. Aliyelifuga kwanza alishaachana nalo miaka 59 nyuma!

Wewe je, una miaka mingapi huku? Shahada ya uzamili ni miaka miwili. Ukiongeza muda wa mafunzo ya kazi baada ya kuhitimu, ambao kwa sisi wa sayansi na uhandisi unaweza kufika miaka mitatu, jumla ni mitano. Wa uzamivu atakaa zaidi kidogo. Ukichukua kitoto leo, siku unafunga mabegi kurudi Kampala au Dodoma yeye ndiyo kwanza ameingia utu uzima. Kwenye ndege huendi naye hivihivi, kwa sababu chatu na maboa wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya wanyamapori baina ya nchi. Utahitaji vibali vya huku na vya nyumbani. Kwa vyovyote utamwachia mtu, na anayekuja kuteseka si wewe uliyepiga naye picha.

Kuna wanaosema kitoto ni bora kwa sababu ukimlea tangu mdogo atakuzoea. Jamani, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini methali hiyo ni ya binadamu. Nyoka hakupendi kwa sababu ulimlea. Anachojifunza ni kwamba mkono wako si hatari na wala si chakula, na hilo nyoka mkubwa naye anajifunza. Tena vitoto vingi huwa na woga, hurukia na kuuma ovyo, kwa sababu porini kila mnyama anataka kuvila. Mkubwa aliyeshikwashikwa kwa miaka kadhaa tabia yake unaiona siku hiyohiyo unapokwenda kumtazama. Urefu wake nao unauona, hakuna kubahatisha.

Chakula nacho kinahusika. Kitoto hula karibu kila wiki. Chatu mpira mkubwa anaweza kukaa wiki mbili, tatu au zaidi kati ya mlo na mlo. Na chatu mpira wanajulikana kwa kugoma kula, wakati mwingine miezi kadhaa. Mkubwa mwenye mwili wake ataivumilia, kitoto kikigoma muda mrefu kinakufa. Kwa mtu mwenye mitihani, maabara, na zamu za kubeba boksi usiku, mlaji wa kila wiki ni mzigo.

Halafu kuna umeme. Nyoka hana joto lake mwenyewe, analipata nje ya mwili. Chatu mpira anahitaji upande mmoja wa kasha lake uwe na nyuzi kama 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa baridi usishuke sana chini ya 25. Miji yetu hii mitatu yote imewahi kukaa gizani. Septemba 2008 upepo wa mabaki ya kimbunga Ike ulikata umeme Louisville na Columbus kwa siku kadhaa. Januari 2009 barafu ikaangusha nguzo na waya Kentucky. Desemba 2022 dhoruba ya theluji hapa Buffalo na vitongoji vyake iliua watu zaidi ya 40, na nyumba nyingi zilikosa umeme wakati nje hakupitiki. Kifizikia, mwili mdogo una eneo kubwa la ngozi ukilinganisha na ujazo wake, kwa hiyo hupoteza joto na maji upesi. Kitoto chenye unene wa kidole kitapoa haraka kuliko mkubwa mwenye kilo moja na nusu. Mkubwa anakupa muda wa kutafuta msaada.

Kwa haki, mkubwa naye ana kasoro zake. Hujui alikotoka. Anaweza kuja na utitiri, ugonjwa wa mapafu, au tabia ya kukataa panya waliogandishwa kwa kuwa alizoeshwa walio hai. Ndiyo maana usimchukue kwa picha. Nenda, omba umwone akila, sikiliza kama anapumua kwa mlio au ana povu mdomoni, tazama chini ya magamba, na uliza rekodi ya chakula. Mfugaji makini anayo. Na wakubwa wanaotafutiwa makao ni wengi, kwa sababu kila mwaka kuna watu wanaohama, wanaooa, au wanaochoka. Kumchukua mmoja wao ni kupunguza tatizo, kununua kitoto ni kuagiza kingine kizalishwe.

Kitu kimoja sikubaliani nacho kabisa ni kitoto cha chatu wetu mkubwa, yule wa Afrika anayepita mita nne. Akiwa na sentimita 60 anavutia sana. Agosti 2013 mjini Campbellton, Kanada, mmoja wao alitoroka kizimbani katika ghorofa iliyo juu ya duka la wanyama akawaua watoto wawili ndugu, wa miaka 4 na 6, wakiwa usingizini. Marekani ilipiga marufuku kumwingiza nchini mwaka 2012. Jimbo la New York halimruhusu kufugwa kama kipenzi. Ohio ilitunga sheria kali mwaka huohuo wa 2012, baada ya mtu mmoja huko Zanesville, si mbali na Columbus, kufungulia makumi ya wanyama wakali Oktoba 2011, na chatu wakubwa na nyoka wa sumu wamo ndani yake. Mwenye viza ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kucheza na sheria.

Namalizia na wenzako wa nyumba, na hapa ndipo penye uzito. Wamarekani wengi nyoka wanamjua kwenye kasha la kioo. Sisi tunamjua shambani. Shirika la Afya Duniani linakadiria nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyo dada unayemwona mshamba kwa kuogopa, pengine alimzika mdogo wake kwa sababu ya koboko au kifutu, na hospitali ilikuwa mbali. Miji hii mitatu ina familia nyingi zilizotoka Kongo na Somalia, na tunatembeleana. Usimfanyie mtu mzaha wa kumwekea nyoka begani.

Tena si suala la woga peke yake. Nyoka mzima kabisa anaweza kubeba vimelea vya salmonela, na wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri nyumba zenye watoto chini ya miaka 5 zisifuge wanyama watambaao. Na wale panya wa friza, je, watalala pamoja na samaki wa mwenzako? Soma pia mkataba wako wa nyumba kabla mwenye nyumba hajakusomea.

Simkatazi mtu kufuga. Usukumani wapo wachezaji ngoma wanaoshika chatu tangu enzi za mababu, kwa hiyo asituambie mtu kwamba ni uzungu. Ninachosema ni kwamba kiumbe hiki hakijaomba kuja Buffalo. Kama miaka yako huku ni michache, mchukue aliyekwisha kukua, mtunze vizuri, na kabla hujamleta uwe na jina la mtu atakayempokea siku yako ya kuondoka. Ukikosa jina hilo, nenda ukamtazame bustani ya wanyama.

Nawasilisha.