Anayejihudumia Ni Nani?

Katika ghala moja la mahindi la Zone Industrielle, hapa Bujumbura, vibarua sita walikatwa ujira wa siku nne kwa sababu ya neno moja la Kifaransa. Neno lenyewe ni "perte". Nilikuwepo, nikifanya mafunzo ya kazi ya miezi miwili. Hadi leo nikisikia mtu anasifu programu za data za kujihudumia, namkumbuka mzee mtunza ghala akiwa ameshika tableti kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani amshikie kidogo.

Si kila msomaji wetu amezigusa programu hizo, kwa hiyo nizieleze kwa ufupi. Zamani meneja akitaka kujua ni magunia mangapi yametoka wiki hii, alimwomba fundi wa kompyuta, na fundi akajibu baada ya siku tatu. Siku hizi data za kampuni hupelekwa kwenye wingu, yaani kwenye seva za kukodi zilizo mbali, na juu yake hujengwa ukurasa wenye vibonye, vichujio na michoro ya rangi. Mtu wa biashara asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu anachagua mwezi, anabonyeza, anapata jibu. Anajipakulia mwenyewe. Ni jambo jema na silipingi. Ninachopinga ni uongo uliojificha ndani ya neno "kujihudumia", na nasema kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tunahusika na uongo huo kuliko tunavyopenda kukiri.

Mahindi ya msimu wa kwanza huingia ghalani Januari na Februari, mengi yakiwa bado mabichi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Chukua kilo 100 zilizoingia na unyevu wa asilimia 18. Ndani yake kuna kilo 82 za mahindi makavu, na zilizobaki ni maji. Zikikaushwa mpaka zifikie 13.5, mizani itasoma kilo 94.8. Kwa tani moja, kilo 52 zimekwenda, zaidi ya gunia zima la kilo 50, na hakuna mkono wa mtu uliozigusa. Kila mtunza ghala anajua jambo hili, hata asiyeweza kuipiga hesabu yake. Daftari la mzee wetu, mzaliwa wa Buyenzi, lilikuwa na safu mbili alizozipiga mwenyewe kwa rula: yaliyokauka na yaliyopotea.

Aliyejenga programu aliijenga kwa wiki mbili akiwa ofisini mjini. Aliweka safu moja. Tofauti yoyote kati ya uzito ulioingia na uzito uliotoka ilikwenda huko, kwenye "perte". Katikati ya Februari mchoro ukawa mwekundu. Mkubwa wa kazi, akiwa na simu yake, akajihudumia: akachagua mwezi, akachagua zamu, akaona zamu ya usiku ndiyo yenye wekundu mwingi. Zamu ya usiku ndiyo iliyokuwa ikitoa mahindi baada ya kukaushwa. Hakuuliza mtu. Kwa nini aulize? Alikuwa ameahidiwa kwamba hatahitaji tena kuuliza.

"Haya hayakuibwa, mwanangu," mzee aliniambia. "Haya yamekwenda na jua." Nikamwuliza kwa nini asiandike hivyo. Akanionyesha tableti. Hapakuwa na mahali pa kuandika.

Kuna jambo jingine lililonichoma zaidi. Mzee alikuwa akiingiza tarakimu kila jioni, lakini michoro hakuwahi kuiona. Programu nyingi za aina hii hulipiwa kwa kichwa, tena kwa dola. Power BI Pro, kwa mfano, ilipanda Aprili 2025 kutoka dola 10 hadi 14 kwa mtu kwa mwezi. Katika nchi ambayo kupata dola benki ni shughuli, kampuni hununua leseni chache, na leseni hizo hupanda ghorofani. Anayepika haruhusiwi kuonja. Halafu tunaambiwa kila mtu anajihudumia.

Najua jibu la watetezi, kwa sababu nimelisikia darasani. Wanasema: wewe unataka turudi kwenye daftari na majedwali ya Excel? La. Majedwali yana mauti yake. Mwaka 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza iliacha kuripoti kwa wakati karibu watu 16,000 waliokutwa na virusi vya korona, kwa kuwa data zilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje kimya kimya. Kwa hiyo hata mimi nataka data zikae mahali pamoja, zitunzwe vizuri. Lakini faili lile lilikosea kwa kujaa, na mtu mwangalifu angeweza kuligundua. Dashibodi ya ghala letu haikukosea hesabu hata moja. Kila tarakimu ilikuwa sahihi, na jibu lilikuwa la uongo. Mashine ya namna hiyo ni ya hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayeishuku.

(Sijagusa habari ya mtandao wenyewe. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za kanda yetu. Wakati huo daftari halikuzorota. Lakini hiyo ni makala nyingine.)

Sasa nigeuke kwetu. Tumetumia mihula mingapi kubishana kama tuseme kompyuta au tarakilishi? Nimeshiriki, nikapata alama nzuri. Wakati tunabishana, mtu ambaye hajafika ghalani anaamua peke yake kwamba kukauka na kuibwa ni neno moja. Hilo ni kosa la istilahi, na istilahi ndiyo kazi yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliona jambo hili mapema: Desemba 2004 mradi wake wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, pamoja na jedwali la hesabu. Ni zaidi ya miaka 20 sasa. Sisi tumeongeza nini?

Mwalimu mmoja alinikatiza hapa: Burundi watu wanafanya kazi kwa Kirundi, Kiswahili kinaingiaje? Ni swali la haki. Pale ambapo wafanyakazi wanasema Kirundi, ukurasa uandikwe kwa Kirundi, na sitalia. Lakini ghalani mwetu madereva walitoka Tanzania, wanunuzi walitoka Uvira, na mabishano yote ya mizani yalifanyika kwa Kiswahili. Kifaransa kilikuwa lugha ya skrini tu.

Ninachodai ni kidogo. Kabla hakijawekwa kibonye hata kimoja, mjenzi akae na wale watakaojaza, waandike ukurasa mmoja wa maneno: kila safu inaitwaje katika lugha ya kazi, nini kinaingia, nini hakiingii, na nani ana haki ya kuibadilisha. Na yeyote anayeingiza data aione michoro inayotokana nazo. Wanafunzi wa lugha wapelekwe huko kwa mafunzo ya kazi, sambamba na wale wa informatiki, badala ya sote kurundikwa kwenye shule za sekondari.

Mimi nilipiga ile hesabu ya unyevu kwenye karatasi nikaipeleka kwa mhasibu, naye akaifikisha juu. Baada ya wiki tatu safu ya pili iliongezwa. Fundi alisema ilimchukua chini ya nusu saa. Ujira wa wale sita haukurudishwa, kwa sababu mwezi ulikuwa umeshafungwa kwenye mfumo.